Ratiba nimewapa, hawaifuati: nifundisheje wanafunzi kupanga muda?

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata hapa Ilemela, Mwanza, upande wa Ziwa Victoria kuelekea Igombe. Ni mwalimu wa darasa pia, Kidato cha Pili, mkondo wenye wanafunzi zaidi ya sabini. Somo lenyewe silalamikii. Darasani wanaelewa, wanajibu, wanabishana hadi kengele inalia. Tatizo linaanza wakishatoka mlangoni.

Muhula huu niliwapa kazi ya wiki tatu. Kila kikundi kichague sehemu moja ya ufukwe, kiende mara mbili kwa wiki, kitazame gugumaji limefunika eneo kiasi gani, upepo unatoka wapi, mitumbwi inapita au imekwama, kisha kiandike ripoti. Niliona nimewapa kazi tamu, maana ziwa liko mbele ya macho yao. Siku ya kukusanya, ripoti zote zilifika. Nilifurahi mpaka nilipoanza kuzisoma. Vikundi vinne vilikuwa na vipimo vilevile, tarehe zilezile, hata makosa ya tahajia yaleyale. Nilipowauliza kwa upole walisema ukweli: hakuna aliyefika ufukweni. Kazi ya wiki tatu ilifanyika Jumapili usiku, mmoja akibuni na wengine wakinakili.

Kabla ya hapo niliwatengenezea ratiba ya kujisomea, saa mbili hadi saa nne usiku, kila siku na somo lake. Waliinakili kwa kalamu za rangi, wengine wakaibandika ukutani nyumbani. Wiki ya pili hakuna aliyekuwa akiifuata. Nimeongea nao mstarini kuhusu thamani ya muda hadi nimechoka kujisikia. Wenzangu ofisini wanasema huu ni uvivu, simu zimewaharibu, dawa yao ni viboko.

Sijashawishika, na sababu ni kijana mmoja ambaye baba yake ana mtumbwi wa dagaa. Kazi yangu haleti kwa wakati hata moja. Lakini alfajiri, kabla adhana haijasikika, yuko mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, anapokea dagaa na kuwaanika, na mama yake ananiambia hajawahi kumwamsha mara mbili. Mtu wa namna hiyo nitamwitaje mvivu?

Nina binti mwingine ambaye huanza kila kitu mapema lakini hamalizi. Kichwa cha habari anakiandika, anakifuta, anakiandika tena, mpaka muda umekwisha. Na yupo wa tatu anayelea wadogo zake wakati mama yuko sokoni Kirumba. Huyo sijui nimwambie nini kuhusu kupanga muda, maana muda wenyewe siuoni.

Novemba wana mtihani wa taifa. Mimi sikusomea saikolojia, na muhtasari wa somo langu hauna mada ya kupanga muda. Je, jambo hili linafundishika? Ni kazi ya nani? Na kwa kipindi cha dakika 40, nianzie wapi?

Mwalimu wa Jiografia, Ilemela

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Linafundishika, na anayefaa kulifundisha ni wewe mwenyewe mwenye somo. Mtoto hawezi kujifunza kupanga kwa kusikiliza habari za kupanga. Anajifunza akiwa na ripoti ya gugumaji mkononi, tarehe ya kukusanya inakuja, na mtu anayejua yuko pembeni anamwonyesha hatua. Kwa hiyo usisubiri mada mpya kwenye muhtasari wala semina ya mshauri nasaha. Kazi uliyowapa ndiyo somo lenyewe, tena uliichagua vizuri.

Nianze na kijana wa dagaa, kwa sababu umemtaja kama fumbo na mimi namwona kama jibu. Tazama alivyofundishwa kazi ya mwaloni. Hakupewa ratiba ya kubandika ukutani. Alipelekwa akiwa mdogo, akaona mama akitandaza, akashika kona ya turubai, akaachiwa sehemu ndogo, kisha kubwa, hadi siku moja akaachiwa zote. Mtumbwi ukifika anauona kwa macho. Akichelewa, dagaa wanaharibika asubuhi hiyohiyo, wala hasubiri Novemba kujua matokeo. Na kuna watu wanaomtegemea, anawajua kwa majina. Sasa linganisha na kazi yako: ilitajwa mara moja, pengine kengele ikiwa inalia, tarehe ya mwisho iko mbali isipoonekana, katikati hapana wa kumuuliza umefika wapi. Ule uwezo anao. Shuleni hajafundishwa kuutumia.

Wenzako wanaosema uvivu nawaelewa, kwa sababu kwa nje uvivu na kutojua kuanza vinafanana sana. Lakini tofauti yake ni kubwa. Sehemu ya ubongo inayotusaidia kupanga, kungoja na kujizuia iko mbele, nyuma ya paji la uso, na ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko nyingine: inaendelea kujengeka hadi mtu apite miaka 20. Adele Diamond, mtafiti wa Canada aliyeshughulikia jambo hili kwa miaka mingi, anataja mambo matatu ya msingi: kushika maelekezo kichwani huku ukiyafanyia kazi, kujizuia na kinachokuvuta, na kubadili njia pale ya kwanza inapokwama. Mtoto wa Kidato cha Pili yuko katikati ya ujenzi huo. Ongeza na hili: juzi tu alikuwa shule ya msingi, anafundishwa kwa Kiswahili, na walimu wake wanajua alichopewa na kila mmoja wao. Leo ana masomo yasiyopungua saba, kila mwalimu na tarehe yake, na maelekezo yanatoka kwa Kiingereza ambacho bado anakitafuta. Nafasi ya kushikia mambo kichwani ni ndogo kwa kila binadamu. Ya kwake inajaa kabla hujafika kwenye tarehe ya kukusanya.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuutoa mpango kichwani na kuuweka mahali unapoonekana. Chukua kona ya juu ya ubao, ichoree mstari, na umwombe kila mwalimu anayeingia asiifute. Hapo ziandikwe kazi zilizo mkononi na tarehe zake tu. Mwanafunzi mmoja wa zamu aihakikishe kila asubuhi. Kila mmoja pia awe na ukurasa wa mwisho wa daftari la somo kwa kazi hiyohiyo. Huna haja ya kuwaambia wazazi wanunue daftari jingine. Dakika mbili za mwanzo wa kipindi zitoshe: fungua ukurasa wa mwisho, tazama kona, andika. Fanya hivyo kila siku, hata siku ambazo hakuna kipya, kwa sababu mazoea ndiyo unayoyajenga hapo.

Jambo la pili wataalamu wengi wa ratiba hulisahau: kabla ya kupanga muda, mtoto lazima ajue kazi inachukua muda gani, na hajui. Hata wakubwa hawajui. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 34 hivi. Iliwachukua zaidi ya siku 55. Hao ni watu wazima, waliochagua mada wenyewe. Kijana wako wa miaka kumi na tano akisema "hii naimaliza Jumapili", hadanganyi, anaamini kabisa.

Dawa yake ni kupima. Wape zoezi fupi darasani, kuchora ramani ya ziwa na kuweka Mwanza, Ukerewe na Sengerema mahali pake, kwa mfano. Kabla hawajaanza kila mmoja aandike pembezoni dakika anazodhani zitamtosha. Mmoja aangalie saa. Wakimaliza waandike dakika halisi pembeni ya zile za kudhani. Usiwape alama wala usiwacheke. Rudia wiki inayofuata kwa kazi ya aina nyingine: kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiingereza, kujibu maswali matano. Baada ya muda watajigundua. Wapo watakaoona kwamba kila mara wanahitaji karibu mara mbili ya wanavyodhani, na mwanafunzi anayejua hilo kuhusu nafsi yake ameshapata kitu ambacho hotuba ya mstarini haitampa.

Sasa turudi kwenye ripoti za kubuni, kwa sababu hapo ndipo moyo wako umeumia. Usiandike alama zake, na usiipe kazi hiyo sifuri. Ianze upya, ileile. Mtoto anayeogopa fimbo ya Jumatatu anajifunza kunakili haraka zaidi, na hicho ndicho ulichokwisha kukiona. Lakini safari hii ipange mbele yao, kwa sauti, ubaoni. Anza na siku ya kukusanya, andika upande wa kulia kabisa, kisha rudi nyuma: "Ripoti ikusanywe Ijumaa. Ili niandike, vipimo vyote viwe vimekamilika lini? Ili vikamilike, niende mara ngapi? Mara ya kwanza ni lini, nani anabeba daftari, kamba ya kupimia inatoka wapi?" Waache wasikie hata unavyosita na kujisahihisha. Sisi walimu huwaonyesha watoto mpango ukiwa umeshaiva, nao hawaoni ulivyopikwa. Kazi inayofuata mpange pamoja, darasa zima likijaza ubao. Ya tatu vikundi vijipangie, wewe upite ukiuliza. Ya nne kila mtu apange yake. Ukiondoa mkono mapema wataanguka, na ukiung'ang'ania mwaka mzima watakungoja wewe siku zote.

Kisha ikate kazi vipande vyenye tarehe zake. Mwisho wa juma la kwanza kila kikundi kilete jina la mahali na vipimo vya siku ya kwanza, basi. Kwa wanafunzi sabini huwezi kusahihisha vipande vyote, nakubali. Usisahihishe. Viongozi wa vikundi wakaguane, wewe uchukue vikundi viwili au vitatu bila kutangaza ni vipi, utie sahihi na urudishe. Lengo ni mtoto ajue kuna anayeuliza katikati ya njia.

Kwa somo lako hili, waeleze pia kwa nini kubuni hakuwezekani. Gugumaji linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili mazingira yakiliruhusu, na upepo ukigeuka linahama lote, ghuba iliyofunikwa leo inakutwa nyeupe keshokutwa. Wakazi wa ziwa hili wamelijua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na bado linawashangaza. Kuna kazi inayoweza kufanywa usiku mmoja na kuna isiyoweza, na kuzitofautisha ni sehemu kubwa ya kujipanga. Wasimame nchi kavu tu wanapopima, kichocho kipo.

Ratiba yako ya saa mbili hadi saa nne nimeiacha mpaka hapa kwa makusudi. Mwalimu, ile ilikuwa ratiba yako, na ilidhani nyumba zote zinafanana. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika. Nyumbani kwa kijana wako, kwa hiyo, kuna siku za giza ambapo alfajiri yote ni ya mwaloni, na kuna siku za mbalamwezi ambapo analala hadi kunakucha. Kumtaka mtoto aliyeamka usiku wa manane asome hadi saa nne ya usiku unaofuata ni kumnyima usingizi, na ubongo usiolala haushiki kitu. Yeye hahitaji ratiba ya wiki. Anahitaji ya mwezi, yaani mwezi wa angani. Mwite, mkae na kalenda, mweke alama siku za giza na za mbalamwezi. Kazi nzito za masomo ziangukie mbalamwezi. Siku za giza abaki na dakika ishirini za jioni, baada ya chakula, za kurudia aliyofundishwa siku hiyo. Naamini ataifuata, kwa kuwa inafanana na maisha yake, na amezoea kupanga kwa mwezi tangu utotoni bila mtu kumwambia kwamba huko nako ni kupanga.

Wengine nao usiwafunge kwenye saa. Nyumba nyingi hazina saa ukutani, umeme unakatika, mgeni anaingia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu anayeamua mapema "likitokea jambo hili, nitafanya lile" hutimiza nia yake zaidi kuliko anayesema tu "nitasoma". Waandike sentensi moja kila mmoja: nikimaliza kuosha vyombo vya jioni, nafungua daftari la Jiografia. Nikitoka kisimani na kutua ndoo, naandika tarehe ya leo na swali la kwanza. Tukio huja kila siku hata saa isipokuwepo. Na uwasaidie kuanza kwa kubakiza dakika tano za mwisho wa kipindi waanze kazi hapohapo mbele yako. Mtoto anayefika nyumbani na sentensi mbili zilizokwisha andikwa anaendelea. Aliyefika na karatasi tupu huanza kutafuta kalamu.

Binti wa kichwa cha habari ana shida nyingine, na ratiba haitamgusa. Anaogopa kukosea. Mpe ruhusa ya wazi ya kuandika vibaya: rasimu kwa penseli, nyuma ya daftari, bila kichwa, akianzia katikati pale anapopajua zaidi. Kichwa kiwe cha mwisho. Mwambie utaiona rasimu na hutaipa alama. Siku za kwanza itamuuma. Simama naye, msifu alipofika mwisho hata kama mwandiko umepinda.

Na huyu anayelea wadogo. Umeliona sawasawa: hana muda, na kumfundisha mtu kupanga asichonacho ni kumuongezea hatia. Hapo kazi ni ya watu wazima. Onana na mama, ikiwezekana umfuate kwa adabu saa ambazo biashara imepoa, wala usimwite shuleni kama mshtakiwa. Usiombe saa mbili. Omba nusu saa tu, hapohapo shuleni baada ya kipindi cha mwisho, kabla binti hajarudi kwa wadogo. Mama anayesimama sokoni tangu alfajiri anajua thamani ya nusu saa, na mara nyingi atatafuta jirani wa kushika watoto kwa muda huo. Kikundi chake cha gugumaji kipangiwe ufukwe ulio karibu na kwao. Kazi zake ziwe fupi zaidi, zenye uzito uleule. Ukigundua kwamba hata nusu saa haipatikani, lipeleke suala hilo kwa mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa sasa ni jambo la haki ya mtoto kusoma.

Limebaki la ofisini, na nitalisema bila kuzunguka. Nina hakika ukikusanya kazi walizopewa watoto wako kwa wiki moja, utakuta walimu wanne wameweka Jumatatu kuwa siku ya kukusanya, na hakuna aliyejua mwenzake ameweka nini. Watoto hawawezi kujifunza kupanga katika shule ambayo kazi zake hazijapangwa. Zungumza na mwalimu wa taaluma. Omba karatasi moja kubwa ya kalenda ukutani ofisini, kila mwalimu aandike kazi yake kabla ya kuitoa, na isizidi kazi mbili kubwa kwa wiki kwa mkondo mmoja. Wenzako wanaotaka viboko waanze na karatasi hiyo. Kabla ya Novemba una muhula wa kutosha kuiona ikifanya kazi, na ukianzia Jumatatu hii kwa kona ya ubao pekee, huhitaji kibali cha mtu.

Mama Mshauri